Vyombo ni vya Nani? Njia ya Kuielewa Miziki ya Zamani ya Dar es Salaam

Neno "zilipendwa" siku hizi linabeba kila kitu. Kipindi kimoja cha redio kinaweza kuanza na Western Jazz, kikaingia kwa Maquis, kikageukia kwa Marijani Rajabu, kikapita Vijana Jazz na kumalizia na taarab ya Al-Watan, na zote zikaitwa nyimbo za zamani, basi. Msikilizaji aliyezaliwa baada ya 1990 hana kosa akidhani jiji zima lilikuwa likipiga muziki mmoja mpaka ulipokuja Bongo Fleva. Lakini waliokuwapo wanajua kwamba mpenzi wa bendi ya Msondo hakuwa mpenzi wa bendi ya Sikinde, kwamba aliyekwenda White House pale Ubungo alivaa tofauti na aliyekwenda Amana kule Ilala, na kwamba kuna watu waliishi Kariakoo maisha yao yote bila kuingia kwenye dansi hata siku moja, kwa sababu wao walikuwa wa taarab.

Kawaida miziki hii hupangwa kwa midundo: hii ni rumba, hii ni chacha, ile ni soukous. Midundo inasaidia kidogo tu. Bendi ileile iliweza kupiga rumba saa tatu usiku, bolero saa nne, na ikifika saa saba ikawa inapiga ngoma ya Kizaramo kwa magitaa ya umeme. Kuna swali linalotufikisha mbali zaidi, nalo ni hili: vyombo vilikuwa vya nani? Gitaa, ampilifaya, dramu, saksafoni na vipaza sauti havikuwa vitu vya mtu wa kawaida kumudu. Mwenye vyombo ndiye aliyeamua nani aajiriwe, bendi ipige ukumbi gani, iimbe nini mbele za watu na ife lini. Ukilifuata swali hilo tangu miaka ya 1930 hadi leo, vitu vingi vinavyoonekana kuchanganyika vinajipanga.

Vyombo vya chama

Kabla ya bendi za magitaa kulikuwa na beni. Hizi zilikuwa ngoma za mashindano zilizoiga bendi za kijeshi za wakoloni, na zilikuwa na vyeo, sare, gwaride na tarumbeta au matoleo yake ya kienyeji. Zilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na Dar es Salaam zikagawanyika pande mbili kubwa, Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana wa mji. Arinoti walikuwa zaidi watu wa vibarua na wageni waliokuja kutafuta kazi. Hapo tayari unaona jambo litakalorudi tena na tena: muziki wa Dar unapenda kuwa na pande mbili zinazotazamana kwa jicho la husuda.

Wanawake nao walikuwa na vyama vyao vya ngoma, lelemama na vinginevyo, ambavyo havikuwa vya kucheza tu. Vilikuwa mitandao ya kusaidiana katika harusi, misiba na madeni. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba kabla ya kuwa mwanasiasa, na mwaka 1955 alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar katika TANU, alipitia kwenye vyama hivihivi. Wanaosimulia historia ya chama wanamtaja kama mhamasishaji. Mimi ningependa tukumbuke pia kwamba alikuwa mwanamuziki aliyejua kukusanya watu kwa sauti.

Dar es Salaam Jazz Band, inayotajwa kuanza mwaka 1932, ilitoka katika dunia hiyohiyo ya vyama. Neno "jazz" lisikupoteze. Halikumaanisha muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans, bali lilimaanisha bendi ya kisasa ya kuchezea dansi, yenye vyombo vya kupuliza na baadaye magitaa. Muziki wenyewe ulitoka Kuba. Tangu miaka ya 1930 kampuni ya His Master's Voice iliuza Afrika mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, na humo zilijaa rumba na son za Kikuba. Wapiga gitaa wa pwani walizisikiliza kwenye gramafoni, wakazikariri na kuzitia Kiswahili. Ndiyo maana hata mtu asiyejua Kihispania neno moja alijua ya kufanya na maracas.

Bendi za wakati huo zilikuwa klabu. Wanachama walichanga, vyombo vikanunuliwa kwa michango, na mapato ya dansi yakarudi kwenye mfuko. Mara nyingi watu walikusanyika kwa asili yao: Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilianza 1958, na Western Jazz ya Iddi Nhende mwaka 1959, kwa jina la watu wa magharibi waliokuwa wakiishi Dar. Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja ulikuwa mahali pa heshima pa kuchezea dansi, watu wakija na suti na viatu vilivyong'arishwa. Mpiga gitaa mchana alikuwa karani, fundi au kuli bandarini, na muziki ulikuwa wa jioni.

Serikali yanunua magitaa

Desemba 1962, alipoapishwa kuwa Rais, Mwalimu Nyerere alitangaza kuanzisha wizara ya utamaduni na vijana, na akasikitika kwamba vijana wasomi walijivunia kucheza rumba, chachacha na twist lakini hawakujua ngoma za Gombe Sugu wala Mganda. Ukiisoma hotuba ile peke yake utadhani serikali ilikuwa inaandaa kuua dansi. Kilichotokea ni kinyume. Katika miaka ishirini iliyofuata, serikali na mashirika yake wakawa wamiliki wakubwa kuliko wote wa magitaa ya umeme nchini.

Iliyofungua njia ni NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi kilichoundwa 1964 baada ya vyama huru kuvunjwa. Mwaka huohuo chama kikawa na bendi, NUTA Jazz, na Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa miongoni mwa waimbaji wake wa mwanzo. Wengine wakafuata. Umoja wa vijana wa TANU ukaanzisha Vijana Jazz mwaka 1971. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, Polisi wakawa na yao, Magereza na yao, JKT wakawa na Kimulimuli, jeshi likawa na Mwenge Jazz, shirika la mabasi ya mji likawa na UDA Jazz na Shirika la Bima likaja na Bima Lee. Kwa kijana wa leo hili linashangaza. Kampuni ya bima ilitaka nini na mpiga saksafoni?

Jibu limo katika fedha za kigeni. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 na mabenki kutaifishwa, kuagiza kitu kutoka nje kulihitaji kibali na dola, na dola zilikuwa chache. Mtu binafsi aliyetaka ampilifaya mpya kutoka Ulaya alikuwa na safari ndefu ya kupita ofisi kwa ofisi. Shirika la umma lilikuwa na bajeti, lilikuwa na watu wa kuzungumza nao wizarani, na lilikuwa na sababu inayokubalika: burudani kwa wafanyakazi, kutangaza siasa ya Ujamaa na kujenga jina la shirika. Klabu za zamani hazikupigwa marufuku. Vyombo vyao vilichakaa, na vipya havikupatikana. Wapigaji wao wazuri wakafuata mahali vyombo vilipo.

Kwa mwanamuziki hali hii ilikuwa na pande zake. Kwa mara ya kwanza muziki ukawa ajira yenye mshahara wa mwezi, na katika bendi nyingi kukawa na mgawo wa kiingilio juu yake. Bendi zikaweza kuwa kubwa, watu kumi na tano na zaidi, na safu nzima ya wapuliza tarumbeta na saksafoni ambayo mwenye baa binafsi asingekubali kuilipa. Ule utajiri wa vyombo vya kupuliza tunaousikia katika rekodi za mwisho wa miaka ya 1970 una chanzo cha kiuchumi kabisa. Upande wa pili, vyombo vilikuwa vya shirika, jina la bendi lilikuwa la shirika, na ukiondoka unaondoka na koo lako tu. Hata gitaa ulilolizoea miaka kumi linabaki stoo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mlimani Park Orchestra. Ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS, ikipiga katika baa ya Mlimani Park, na kiini chake kilikuwa wanamuziki waliotolewa kwenye bendi nyingine: Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka kutoka bendi ya wafanyakazi, Abel Balthazar, Joseph Mulenga na Cosmas Tobias Chidumule kutoka Dar International, pamoja na Michael Enoch, mkongwe wa Dar es Salaam Jazz aliyewapanga wapuliza vyombo. TTTS ilipoanguka, mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. DDC ilikuwa na kumbi, ya Kariakoo na ya Magomeni Kondoa, na kumbi zilikuwa na bia. Kwa hiyo mwenye vyombo sasa alikuwa pia mwenye ukumbi na mwenye kaunta. Sidhani kuna bendi nyingine ya Tanzania iliyowahi kuwa na msingi imara namna ile, na unausikia katika utulivu wa muziki wao. Hawana haraka. Wanajua Jumapili ijayo watakuwapo palepale.

Mtindo, chemko na kuhamahama

Kila bendi ilikuwa na mtindo, na mtindo ulikuwa na jina. NUTA, iliyobadilika kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970 na baadaye OTTU, walikuwa Msondo. Mlimani Park walikuwa Sikinde. Vijana Jazz waliitwa Pambamoto, Polisi walikuwa Vangavanga na Maquis walikuwa Kamanyola. Western Jazz walitangulia na Saboso. Msondo na Sikinde ni majina ya ngoma za Wazaramo, wenyeji wa pwani hii. Ndivyo bendi za jiji zilivyojibu yale masikitiko ya Mwalimu ya 1962: magitaa yalitoka nje, lakini mkunguto, yaani mapigo ya bendi, ulidai asili ya hapa. Mara nyingine dai lilikuwa la jina tu. Mara nyingine lilikuwa kweli tupu, na kinachoonyesha ni sehemu ya pili ya wimbo.

Wimbo wa dansi wa Dar una sehemu mbili, na asiyezijua anakosa nusu ya utamu. Ya kwanza ni ya taratibu. Mwimbaji anasimulia kisa, waitikiaji wanamfuata, magitaa yanaongea chini kwa chini, na watu wanacheza wawili wawili au wanakaa wasikilize, maana Mswahili anataka kusikia maneno. Kisha breki, na muziki unaingia kwenye chemko. Kasi inapanda, mpiga solo na mpiga solo wa pili wanajibizana, rithimu inashikilia mstari mmoja bila kuyumba, besi inaruka badala ya kutembea, vyombo vya kupuliza vinaingia kwa kishindo, na hapo ndipo mtindo wa bendi unapojulikana. Kwenye santuri ndogo zilizochapwa Nairobi wimbo ulikatwa, kisa upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Ukumbini chemko halikuwa na mwisho uliopangwa. Wapenzi ndio walioliongeza au kulimaliza, kwa jinsi walivyojaa sakafuni.

Nasisitiza maneno kwa sababu wageni wengi wanaoandika juu ya dansi huishia kwenye magitaa. Mashairi ya bendi za umma yalipaswa kuwa na mafunzo, na nyingi zilikuwa na nyimbo za chama, za mazao na za kuwaaga viongozi. Lakini nyimbo zilizodumu ni za nyumbani: mke aliyerudi kwao, mtoto asiyesikia, ndugu wanaogombania mirathi, mgonjwa anayelala akimtaja mtu wake. Mafumbo yalikuwa ufundi mkubwa. Wimbo wa mapenzi ungeweza kuwa barua kwa bendi pinzani, na watu wa mjini waliusoma hivyo bila kuelezwa.

Uhasama wa Msondo na Sikinde ulianza na kuhamahama. Gurumo alipotoka bendi ya wafanyakazi kwenda Mlimani Park 1978, hakuondoka na vyombo ila aliondoka na wapenzi. Mwaka 1985 akahama tena, yeye na Abel Balthazar, kwenda kuanzisha International Orchestra Safari Sound, Ndekule, iliyotokana na Orchestra Safari Sound ya Kimara na ilikuwa ya mfanyabiashara binafsi. Baadaye akarudi Msondo na kubaki huko hadi alipostaafu mwaka 2013. Alifariki Aprili 2014. Watu husema wanamuziki wa Dar walikuwa wasaliti wenye tamaa. Naona si haki. Ikiwa huna hisa kwenye vyombo, huna mrabaha kwenye wimbo na mshahara unapangwa na meneja wa shirika, njia pekee ya kupandisha thamani yako ni kuhama. Kila aliyehama alibeba mkunguto wa alikotoka, ndiyo sababu sikio lisilozoea hupata shida kutofautisha Msondo ya 1977 na Sikinde ya 1979: watu ni walewale.

Wakongo wa Ubungo

Bendi za Wakongo zilikuja kwa njia nyingine. Maquis du Zaire walitokea Katanga wakapitia Uganda na kutia nanga Dar mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wao hawakuwa waajiriwa wa mtu. Waliendesha mambo yao kama kampuni, OMACO, wakapiga White House Ubungo, wakavaa sare zinazofanana, na wakaleta nidhamu ya jukwaani ambayo bendi za mashirika zililazimika kuiiga. Nguza Viking alipiga solo pale kabla ya kwenda Safari Sound. Mzee Makassy naye alikuwa na bendi yake, na mwaka 1978 akamleta mpwa wake kutoka Kongo, Ramadhani Mtoro Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947. Tunamjua kwa jina la Remmy.

Kuwaita hawa "muziki wa Kikongo" kunaficha kilichotokea. Baada ya miaka michache waliimba Kiswahili, wakachukua mtiririko wa visa vya Kitanzania, na chemko lao likaacha kufanana na sebene, ile sehemu ya kasi ya muziki wa Kinshasa. Remmy na Super Matimila waliimba juu ya maskini, kifo na ubaguzi wa rangi kwa lugha ya kijiweni. Mwaka 1988 akaenda Ulaya na tamasha la WOMAD, na mwaka uliofuata akatoa albamu kwa kampuni ya Real World ya Uingereza. Alipoimba juu ya kondomu wakati UKIMWI unatisha, Radio Tanzania ilikataa kuurusha wimbo huo, lakini mjini kila mtu aliujua. Alifariki Desemba 2010. Kituo cha daladala cha Sinza kwa Remmy kimebaki na jina lake, na wanaoshuka pale kila siku ni maelfu.

Mlango mmoja wa studio

Vyombo vya kupigia ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni vya kurekodia. Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ilikuwa redio pekee ya taifa, na studio yake ya barabara ya Pugu ndiyo iliyorekodi karibu bendi zote. Bendi iliingia, ikapiga nyimbo kadhaa kwa mkupuo, maneno yakiwa yamepitiwa kwanza, na mkanda ukabaki redioni. Malipo yalikuwa madogo na ya mara moja. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo aliyetaka sahani alikwenda Nairobi.

Februari 1977 mpaka na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Mlango wa santuri ukazibika katika miaka ileile ambayo muziki wa Dar ulikuwa kileleni. Ndiyo maana kazi nyingi bora za Sikinde na Msondo za wakati huo ziliishi hewani na kwenye mikanda ya RTD tu, na ndiyo maana wasikilizaji wa nje walifikiri muziki wa Kiswahili ni ule wa akina Wanyika, watu wa Tanga waliokuwa wamehamia Kenya na hivyo walikuwa upande wenye mashine. Ubora hauhusiki hapo.

Vijana wa bugi

Nitapita haraka kwa vijana wa mjini waliopenda soul. Alasiri za mwisho wa wiki walikwenda kwenye bugi, wakicheza James Brown na Otis Redding. Mwaka 1969 umoja wa vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na Novemba mwaka huo muziki wa soul ukapigwa marufuku katika mkoa. Ladha haikufa. Ilihamia kwenye bendi za vijana zisizo za mashirika: Afro 70 ya Patrick Balisidya, aliyeiwakilisha nchi katika FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, kule Lagos mwaka 1977, na Safari Trippers ya Marijani Rajabu. Marijani, mzaliwa wa Kariakoo mwaka 1955, baadaye aliiongoza Dar International baada ya wenzake kuhamia Mlimani Park. Waliompa jina la Jabali la Muziki hawakuzidisha. Hakuna aliyesimulia kisa cha mtu wa kawaida kwa upole kama yeye, na alipofariki mwaka 1995 hakuacha mali inayolingana na wimbo wake hata mmoja.

Taarab ilikuwa na njia yake

Taarab ya Dar haikuwa tawi la dansi. Egyptian Musical Club na Al-Watan Musical Club zilikuwa klabu za wanachama, zikipiga udi, fidla, kanuni na akodiani, katika harusi na mikesha ya sikukuu, kwa watu waliokaa. Shairi lilikuwa bwana na muziki ulikuwa mtumwa wake. Klabu hizi ziliendelea na mfumo wa kuchangia vyombo muda mrefu baada ya bendi za dansi kuchukuliwa na mashirika, na kwa hiyo zilihifadhi uhuru fulani. Hazikuhitaji kibali cha meneja kuimba mafumbo.

Mambo yaligeuka vikundi vikubwa vya sanaa vilipochanganya taarab, ngoma, maigizo na sarakasi katika onyesho moja. Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga ndiyo iliyotamba kwanza, kisha mwaka 1992, mwaka ule ule vyama vingi viliporuhusiwa, CCM ikawa na Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba. Vyombo vipya vya umeme vikaingia, shairi likafupika, mipasho ikapanda jukwaani waziwazi. Khadija Kopa, aliyetokea Zanzibar, na Nasma Khamis walirushiana maneno huku wanawake wakienda mbele kutuza, kila noti ikiwa na anayelengwa. Wazee wa Al-Watan waliona ni uharibifu. Mimi naona wanawake wa uswahilini walipata kwa mara ya kwanza jukwaa kubwa la mjini ambalo wao ndio wateja wakuu, na mwenye vyombo aliyejua hilo alipata pesa.

Kinanda cha bei rahisi

Kuanzia 1985, chini ya Rais Mwinyi, biashara ilianza kufunguliwa. Bidhaa ziliingia, mashirika ya umma yakaanza kuyumba, na bendi zao zikawa mzigo wa kwanza kutupwa. Mfumo uliojenga dansi ulikatika hapo. Bendi za binafsi zilizofuata, kama African Stars waliojulikana kwa Twanga Pepeta na FM Academia, wazee wa Ngwasuma, zilijaza kumbi miaka ya 2000, lakini zilikuwa chini ya wamiliki wanaohesabu mlango wa usiku huo. Vyombo vya kupuliza vikapungua, kinanda kikachukua nafasi yao, na kutaja majina ya wenye pesa katikati ya wimbo kukawa sehemu ya mapato.

Kubwa zaidi lilitokea nje ya kumbi. Vijana wa Mwananyamala, Keko na Temeke walikuta mitumba ya vinanda vidogo vya Casio. Wakaviunganisha na spika za honi na ngoma za Kizaramo, wakafunga njia kwa turubai, na mchiriku ukazaliwa. Jagwa Music walianzia huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaitwa muziki wa wahuni, na miaka ishirini baadaye walikuwa wakipiga Ulaya. Wale vijana hawakuwa na ajira ya shirika wala uanachama wa klabu. Walikuwa na kinanda kimoja kwa watu wanane, nacho kilikuwa chao.

Repu nayo iliingia kwa mlango huohuo. Saleh Jabir, aliyeibuka 1991 akighani kwa Kiswahili juu ya mdundo wa Kimarekani, hakuhitaji mpiga besi. Kwanza Unit, kisha Mr II na Hard Blasters, walihitaji kipaza sauti na upande wa santuri usio na maneno. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikavunja ukiritimba wa RTD, Radio One ikaanza 1994, Clouds ikafuata mwishoni mwa muongo, na studio kama Mawingu na MJ zikarekodi mtu mmoja mmoja badala ya bendi nzima. Lawama kwamba Bongo Fleva iliua dansi imerudiwa mno. Dansi ilikuwa imeshapoteza mlipaji wake kabla ya wimbo wa kwanza wa repu kushika chati.

Singeli, iliyotoka Manzese, Tandale na Mburahati, imepeleka jambo hili mwisho wake. Kompyuta moja, kipande cha taarab au mchiriku kilichoongezwa kasi hadi mapigo 200 kwa dakika na zaidi, na msanii anayeghani papo kwa papo kwenye kigodoro, sherehe ya usiku ya mtaani. Studio ya Sisso, Mburahati, imesikika hadi kwenye matamasha ya Ulaya. Anayesema singeli haina mizizi hajasikiliza chemko la zamani kwa makini: ile hamu ya kufika kwenye sehemu inayochemka na kubaki humo ndiyo imeondoa sehemu ya taratibu kabisa.

Msondo na Sikinde wameendelea kupiga, vyama na mashirika yaliyowazaa yakiwa yamebadilika au kuondoka. Mikanda ya RTD iko TBC. Nchi ilipata sheria mpya ya hakimiliki mwaka 1999 na COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, ikaundwa chini yake, lakini sheria inahitaji jina la mtunzi, na kumbukumbu nyingi za bendi za mashirika zinataja bendi tu. Nani alipiga solo ya pili katika kikao kile, nani alitunga beti, nani alipanga saksafoni? Wazee waliokuwamo studioni wanaweza kujibu kwa kusikiliza sekunde chache. Wakae na wakutubi wa mikanda, wimbo kwa wimbo, na majina yaandikwe kwenye kila boksi.